Uraia wa kidijitali kwa mwaka wa kwanza: mnaufundishaje kwenye ukumbi wa wanafunzi 400?

Mwalimu wa Kihonda (Morogoro)

Habari za kazi walimu wenzangu. Wanafunzi mliomo humu nanyi karibuni mseme.

Nafundisha Stadi za Mawasiliano mwaka wa kwanza, ile kozi ya lazima inayowakusanya wa kilimo, wa elimu na wa uhasibu kwenye ukumbi mmoja. Wako kama 400. Kuna projekta moja na maiki ambayo siku nyingine inakubali, siku nyingine inagoma. Kwenye silabasi mpya imeongezwa mada ya uraia wa kidijitali, yaani namna ya kuishi mtandaoni kwa usalama na uwajibikaji, wiki tatu. Maabara ya kompyuta ya kutosha umati huo haipo. Kilichopo ni simu zao, na kuna wenye vitochi.

Slaidi nilizozikuta idarani zinaanza na vipengele tisa vya Mike Ribble, Mmarekani ambaye mgawanyo wake umesambaa sana: upatikanaji, biashara, mawasiliano, stadi, adabu, sheria, haki na wajibu, afya, usalama. Wanafunzi wanavimeza vyote. Kwenye testi wanakuandikia tisa kwa mpangilio, na mifano juu. Sasa sikilizeni. Muhula uliopita, jioni ya siku ileile ya testi, kwenye grupu la darasa ukaingia ujumbe wenye nembo ya Bodi ya Mikopo: bumu (hela ya mkopo) la nyongeza la vifaa, mwisho leo saa sita usiku, bonyeza hapa, jaza namba yako ya kidato cha nne na neno la siri. Anwani yenyewe haikuishia na .go.tz, ilikuwa moja ya zile kurasa za bure ambazo mtu yeyote anafungua kwa dakika tano. Kijana mmoja ambaye testi yake nilikuwa nayo mezani, ameeleza usalama wa kidijitali vizuri kuliko slaidi zenyewe, alikuwa ameshajaza. Nilimwita, nikamuuliza kwa upole tu ilikuwaje. Akanijibu: "Madam, kila mtu alikuwa anajaza, na muda ulikuwa unaisha."

Jibu hilo limenikaa. Kijana hakukosa maana ya neno lolote. Alisukumwa na umati na saa, na hakuna slaidi inayomwambia mtu afanye nini dakika ile anaposukumwa. Wala wanafunzi hawa si wageni wa mtandao. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hakuna anayeshtuka nao. Wanaufuta kabla hawajaumaliza. Wa kujiunga na Freemason, vivyo hivyo. Utapeli waliokua nao wanaujua. Unaowapata ni ule unaokuja na nembo ya ofisi, kwa lugha ya ofisi, kupitia kwa mwenzao wanayemwamini.

Jambo la pili linalonisumbua ni sheria. Nikifika kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16 kuhusu taarifa za uongo, nikataja faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3 au vyote viwili, ukumbi unakuwa kimya. Binti mmoja alinyoosha mkono: "Kwa hiyo madam, salama ni kutoandika kitu?" Swali hilo liliniuma. Raia ni mtu anayesema, anayeuliza, anayeweka jina lake chini ya anachokisema. Nikimaliza wiki tatu na watu 400 walio waoga kuliko walivyoingia, nitakuwa nimewafanyia nini?

Basi naomba mnisaidie kwa yale mnayoyafanya kweli darasani. Miongozo ninayo, imejaa kabati. Zoezi gani linafanyika bila maabara? Unasahihishaje kazi za watu 400 ukiwa na wasaidizi wawili? Na sheria mnaiingiza wapi?

---

Mkutubi wa Unguja

Assalaam alaykum Mwalimu, na jamaa wote.

Mimi ni mkutubi. Wahadhiri hunipa saa moja moja ndani ya vipindi vyao, na somo langu miaka yote ni hili: mtu amjue anayemwambia jambo kabla hajalibeba. Nakujibu lile la zoezi, mengine nawaachia wenyewe.

Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliandika juu ya kazi waliyoifanya na watu 45: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wahakiki wa habari 10, na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Kila mmoja alikaa mbele ya kompyuta akapewa tovuti azipime. Zoezi moja lilikuwa la vyama viwili vya madaktari wa watoto vya Marekani vyenye majina yanayokaribiana: American Academy of Pediatrics, chama kikubwa cha fani hiyo kilichoanzishwa 1930, na American College of Pediatricians, kikundi kidogo kilichojitenga nacho mwaka 2002. Wanafunzi walisoma ukurasa kwa bidii, kuanzia juu hadi chini. Wakatazama nembo, mpangilio, ile .org, na marejeo yaliyopangwa mwishoni. Wanahistoria kadhaa nao wakafanya hivyo hivyo, na wengi walipotea. Wale wahakiki walikaa kwenye ukurasa kitambo kidogo tu, wakatoka. Wakafungua kurasa nyingine pembeni wakauliza: hawa ni nani, na wengine wanasemaje juu yao? Wakalipata jibu, tena upesi.

Ukiitazama kwa makini, Mwalimu, kijana wako alifanya alichofundishwa skuli tangu utotoni, kusoma kwa makini kile kilichowekwa mbele yake. Nembo aliiona, lugha ya ofisi aliiona. Sisi tuliwapa orodha za kuangalia makosa ya tahajia na ukurasa wa "kuhusu sisi", na matapeli wakaenda kuzirekebisha hizo hizo. Ukurasa hauwezi kujitolea ushahidi wenyewe. Mike Caulfield mwaka 2019 alizipanga hatua nne ambazo walimu wengi huzitumia: simama, chunguza chanzo, tafuta taarifa hiyo kwengine, fuatilia hadi ilikotoka. Mimi kwa saa moja nafundisha mbili tu, kusimama na kutoka. Zilizobaki huja zenyewe mtu akishazoea kutoka.

Sasa bila maabara. Nimechapisha picha moja ya mafuriko, ya rangi, karatasi ya A4. Ilizungushwa kwenye magrupu ikisemwa ni Jangwani, Dar es Salaam. Nawapa watu watano watano picha moja. Dakika za mwanzo huona maji ya kahawia, watu wamebeba mizigo kichwani, basi limezama hadi madirishani, na wote husema ndiyo, Jangwani hii. Nawauliza: dereva wa basi amekaa upande gani? Hapo huinama wote. Usukani uko kushoto, na gari zilizo nyuma zimepanga foleni upande wa kulia wa njia. Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo wanaendesha kulia. Kisha nawaambia watafute namba ya gari. Za Bara huanza na T, za kwetu Z, pikipiki za Bara MC. Kwenye picha ile namba moja inasomeka nusu, na haianzi na chochote kati ya hivyo. Mpaka hapo hakuna aliyetumia hata megabaiti moja. Baadaye wale wenye simu nzuri wanaiingiza kwenye Google Lens, inayotafuta ilikowahi kutokea picha, kwa mtandao wa maktaba, wanakuta ilitolewa zamani, nchi nyingine kabisa.

Nimetaja mtandao wa maktaba kwa sababu. Wanafunzi wengi hununua bando la mitandao ya kijamii peke yake kwa kuwa ndilo la bei nafuu. Bando hilo linamfungulia WhatsApp, linampa kichwa cha habari na picha, lakini akibonyeza kiungo au akitaka kwenda kutafuta, halimpeleki. Tunamwambia ahakiki, na njia ya kuhakiki hajainunua. Kwa hivyo kazi ya kuhakiki ipangwe mahali penye mtandao wa chuo, au iwe kazi ya wawili wawili ambapo mmoja ana bando kamili. Ukilisahau hili, utamsahihisha mtu umasikini wake.

Waambie pia kuna watu ambao hiyo ndiyo kazi yao ya kila siku. Africa Check ilianza Johannesburg mwaka 2012 na ina ofisi Nairobi, PesaCheck iko, na kwa Kiswahili wako NuktaFakti na JamiiCheck. Mwanafunzi akijua pa kuuliza, ile saa sita usiku haimtishi sana.

Jengine dogo. Tangu akili unde (AI) ilipoingia, wananiletea orodha za marejeo zenye vitabu ambavyo havipo. Mwandishi ni wa kweli, jarida ni la kweli, makala haikupata kuandikwa. Nawapa marejeo kumi, matatu ya kubuni, wayatafute kwenye katalogi. Dakika ishirini zinatosha, na hakuna aliyefanya zoezi hilo akaniletea tena orodha bila kuikagua.

---

CR wa Uyole (Mbeya)

Shikamoo Madam, shikamooni wote.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu na ni CR (mwakilishi wa darasa) tangu mwaka wa kwanza, na admini wa grupu la darasa lenye watu zaidi ya 300. Naomba niseme upande wetu.

Mwaka jana ofisi moja ya chuo ilitutumia PDF ya mgawanyo wa fildi (mafunzo kwa vitendo), ikaniambia niiweke kwenye grupu. Nikaifungua. Safu ya kwanza majina matatu, ya pili namba ya usajili, ya tatu namba ya mtihani wa kidato cha nne, ya nne simu ya mwanafunzi, ya tano jina la mzazi au mlezi, ya sita simu yake. Wote, kurasa kumi na kitu. Nikauliza kama naweza kupewa yenye jina na kituo tu. Nikajibiwa ndivyo inavyofanyika siku zote, na kwamba imeshatumwa kwa ma-CR wengine.

Kwa asiyejua, ukiwa na namba ya kidato cha nne na mwaka, unaingia tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani, unasoma matokeo ya mtu, somo kwa somo. Namba hiyohiyo ndiyo tunayoitumia kwenye mambo ya mkopo. Lakini kilichotuumiza kilikuwa simu za wazazi. Hazikupita wiki mbili wazazi wakaanza kupigiwa. Mama wa mwenzetu mmoja, yuko Rungwe anauza ndizi, alipigiwa na mtu anayejiita daktari, anamtaja binti kwa majina yote matatu, anataja chuo, anataja na kituo cha fildi. Akaambiwa binti kagongwa na bodaboda, inatakiwa hela ya kipimo haraka. Mama wa watu angekataaje? Kila alichoambiwa kilikuwa kweli isipokuwa ajali. Alituma shilingi 150,000, na ilikuwa ya mbolea.

Tulifanya tulichoweza. Namba ya tapeli tuliituma 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Niliwafundisha wenzangu kupiga *106# waone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chao cha NIDA, na wawili walikuta laini wasizozijua. PDF niliifuta kwa wote, lakini ilishashuka kwenye simu za watu.

Madam, ninachoomba mkifikirie walimu wote ni hiki. Mada ya wiki tatu tunaisoma, na vipindi vilivyobaki tunajifunza kwa mnayotufanyia. Karatasi ya mahudhurio inapita ukumbi mzima ikiwa na simu na sahihi zetu, mtu anaipiga picha. Matokeo ya testi yanabandikwa mlangoni na kwenye grupu kwa majina. Tunaambiwa tutunze taarifa zetu na ofisi ileile inazimwaga. Mwanafunzi akiona hivyo miaka mitatu, atakapokuwa mwalimu mkuu au afisa wa halmashauri atafanya vilevile, kwa sababu ndivyo inavyofanyika siku zote.

Kwenye grupu langu sasa kuna utaratibu. Tangazo lolote la hela, mkopo, ajira au mtihani, anayelileta anaweka na lilikotoka. Asipoweka, mimi au naibu tunaandika chini yake "halijathibitishwa" na hakuna kulifowadi mpaka mmoja wetu apige simu au aende ofisini. Mwanzoni walilalamika kwamba tunachelewesha. Sasa hivi wenyewe wanaulizana "chanzo?" kabla sijafika. Kama ningekuwa mwalimu ningeanzia hapo, na magrupu yaliyopo tayari, maana humo ndimo tunamoishi.

---

Mwalimu wa Wauguzi (Eldoret)

Hamjambo nyote. CR, pole sana kwa yaliyompata mama huyo, na hongera kwa kazi. Umetufunza sisi walimu.

Mwalimu wa Kihonda, mimi nafundisha uuguzi. Sina mada inayoitwa uraia wa kidijitali, na sitaki kuwa nayo. Kwangu imo ndani ya somo la maadili ya kazi na ndani ya maandalizi ya kwenda wadini. Hata wale wa Stanford aliowataja Mkutubi walifanya hivyo baadaye. Mwaka 2021 walitoa utafiti ambapo zoezi la kutoka nje ya ukurasa lilipachikwa ndani ya kozi ya lishe ya chuo iliyosomeshwa mtandaoni, na wanafunzi wakaimarika. Mtu wa lishe ahakiki madai ya lishe. Mtu wa kilimo umpe tangazo la dawa ya viwavijeshi linalozunguka kwenye simu za wakulima, ataona maana yake mara moja.

Nieleze zoezi moja. Wanafunzi wangu wakienda wadini mara ya kwanza hufurahi mno, wanavaa sare, wanapiga picha, wanaweka statasi. Kabla hawajaenda nawaingiza kwenye chumba cha mazoezi chenye mwanasesere wa kulala kitandani. Nimemwekea faili lenye jina la kubuni juu ya kabati dogo, chati ya dripu imening'inia, ubao wa wadi uko nyuma, kalenda ya duka la dawa ukutani. Nampiga picha msaidizi wangu akitabasamu mbele ya kitanda, kama vile wao hufanya, na chini naandika "Siku yangu ya kwanza wadini". Picha hiyo naitupia ukutani kwa projekta na kuwauliza swali moja tu: mgonjwa huyu ni nani?

Hucheka kwanza, kwa sababu mgonjwa kafunikwa shuka na uso hauonekani. Kisha mmoja anasoma jina kwenye faili, maana picha za simu za leo ukizikuza hazifichi kitu. Mwingine anasoma chati na kutaja dawa, na kwa dawa hiyo darasa lote linajua ugonjwa. Ubao unatoa nambari ya kitanda na tarehe ya kulazwa. Beji ya msaidizi inatoa hospitali. Mara ya mwisho msichana wa safu ya nyuma aliona kwenye kioo cha dirisha taswira ya mama aliyekaa kwenye benchi, ambaye mimi mwenyewe sikuwa nimempanga, alikuwa mfanyakazi wa usafi anapumzika. Kutoka hapo hakuna anayecheka. Unaona simu zinatolewa kimya kimya chini ya meza na watu wanarudi kwenye picha zao wenyewe. Siombi kuona wanachofuta.

Sheria naileta baada ya hapo, na naanza na ile inayowalinda. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na mgahawa mmoja shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Wanafunzi wanashangaa, kwa sababu walidhani sheria ya mtandao ni ya kumkamata aliyeandika. Mwaka huohuo walikuwa wameona foleni za KICC, ukumbi wa mikutano wa Nairobi, vijana wakipigwa picha ya mboni ya jicho kwa ajili ya Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali uliowapa malipo, wengi wao wanafunzi. Serikali ilisimamisha usajili ule Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data zile zifutwe. Nikiwauliza ni nini kilichouzwa pale, mjadala unakwenda mpaka kipindi kinachofuata. Mtu akishajua kwamba sheria ina upande wake, ile ya makosa anaisikiliza bila hofu.

---

Wakili Mfundishaji (Dodoma)

Nakubaliana na Mwalimu wa Eldoret kwa mengi, ila hili la kuiacha mada imo ndani ya kila kozi nina shaka nalo. Kwa vyuo vyetu, kilichogawanywa kwa wote hakina mwenyewe, na kisicho na maksi hakisomwi. Mwalimu wa Kihonda amepewa wiki tatu zenye jina, azishike.

Kuhusu kifungu cha 16, ukikisoma hadharani usiishie kwenye adhabu, soma masharti. Kosa linahitaji mtu awe anajua taarifa ni ya uongo au ya kupotosha, na awe na nia: kukashifu, kutisha, kutukana, kudanganya umma na mengine yaliyotajwa humo. Wagawie kisa, waulize kila sharti limetimia au la. Vijana wataona kwa macho yao kwamba tabia ya kuhakiki kabla ya kusambaza ndiyo inayowaweka mbali na sharti la kwanza. Waambie vilevile kwamba kifungu cha 15 kinamshughulikia anayejifanya mtu mwingine, na cha 23 kinahusu unyanyasaji wa mtandaoni. Binti aliyewekewa picha na mpenzi wa zamani anahitaji kujua hayo kuliko vipengele tisa.

Na kwa yule aliyeuliza kama salama ni kutoandika: mpe kitu cha kuandika. Tanzania kuna Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya 2016. Raia anaiandikia ofisi ya umma akiomba taarifa, na ofisi ina siku 30 za kujibu. Kenya nao wana yao ya mwaka huohuo, siku 21. Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inayompa mtu haki ya kujua nani ana taarifa zake na kudai zisahihishwe. Ile PDF ya CR ni mfano tosha. Kila mwanafunzi aandike barua ya ukurasa mmoja kwa chuo chake: mna taarifa gani zangu, mnazitumia kwa nini, mnampa nani. Stadi za Mawasiliano hiyo hiyo, barua rasmi hiyo hiyo.

---

Mwalimu wa Kihonda (Morogoro)

Jamani, asanteni sana. Nimesoma yote mara mbili, na msaidizi wangu mmoja nimempa asome.

CR wa Uyole, wewe umenigusa kuliko wote. Marahaba mwanangu. Leo asubuhi nimekwenda kwa mkuu wa idara na karatasi yetu ya mahudhurio mkononi. Safu ya namba ya simu inaondoka kuanzia muhula huu, na matokeo ya testi yatatolewa kwa namba ya usajili kupitia mfumo, kila mtu anaona yake. Lile la PDF za fildi liko juu ya uwezo wa idara, lakini nimeomba liingie kwenye ajenda ya kikao cha kitivo na nimeambiwa nilete maandishi. Naomba ruhusa nitumie maelezo yako bila kutaja chuo wala mkoa. Ukikataa nitaelewa.

Mpango wangu ni huu, mnisahihishe. Wiki ya kwanza haina slaidi. Watu watano watano, picha ya mafuriko, kisha kila kikundi kilete ujumbe mmoja ambao kweli ulipita kwenye simu zao, kiuhakiki kwa utaratibu wa Mkutubi, kiandike ukurasa mmoja: ulitoka kwa nani, tulitoka kwenda kuuliza wapi, tulikuta nini, tulimwambia nini aliyetuletea. Swali hilo la mwisho nimeliongeza mimi. Kumwambia shangazi kwenye grupu la ukoo kwamba dawa anayoisambaza haina ukweli, na usimvunjie heshima, kunataka stadi ambayo sijaona ikifundishwa popote. Kwa watu watano watano nina karatasi 80 tu za kusahihisha, na zina maksi 10 za CA (tathmini endelevu), kwa hiyo Wakili awe na amani.

Wiki ya pili nitaiga zoezi la Eldoret. Sina mwanasesere, ila nina ofisi ya mwalimu wa mazoezi iliyojaa madaftari ya wanafunzi, na wa elimu ni zaidi ya nusu ya darasa. Hao ndio watakaopiga picha za watoto wa watu mwaka wa pili wakienda mazoezi ya kufundisha.

Wiki ya tatu ni barua kwa chuo. Hapa nina swali kwa Wakili. Barua 400 zikifika masjala siku moja zitaonekana ni mgomo, na sitaki vijana waingie matatani kwa kazi niliyowapa mimi. Nafikiria wote waziandike na nizisahihishe, kisha darasa lichague moja, serikali ya wanafunzi iipeleke rasmi kwa jina lake, na jibu likija tulisome pamoja ukumbini. Je, hilo linapunguza haki ya mmoja mmoja kuuliza taarifa zake mwenyewe, au ombi la pamoja nalo linakubalika kisheria? Ningependa nijue kabla sijaandika maelekezo.

Mkutubi, ile picha naomba uiweke humu kwa ukubwa wake halisi, nahitaji nakala 80 za rangi na duka la uchapishaji la hapa linataka faili kabla ya Ijumaa.

---

Wakili Mfundishaji (Dodoma)

Haki ya kuuliza taarifa binafsi ni ya mtu mwenyewe, kwa hiyo serikali ya wanafunzi haiwezi kuuliza "mna nini kuhusu fulani" bila ridhaa ya huyo fulani. Lakini inaweza kuomba utaratibu: chuo kinakusanya nini, kinahifadhi kwa muda gani, nani anaruhusiwa kuona, nani alitoa idhini simu za wazazi zisambazwe. Hiyo ipelekeni kwa pamoja. Anayetaka kupeleka ya kwake binafsi mwachie, ila isiwe sharti la kupata maksi. Rasimu ya maelekezo ukishaiandika nitumie niipitie.

---

Mkutubi wa Unguja

Picha naiweka usiku huu nikitoka kazini, Mwalimu. Nitakuwekea na nyengine mbili za ziada, moja ya kweli kabisa. Ichanganye humo, wasije wakazoea kwamba kila wanachopewa ni uongo.